Uvira: Neno moja darasani, na tayari umekuwa mgeni

Samaki ni yule yule. Sokoni Uvira anaitwa mukeke, na ng'ambo ya ziwa, Kigoma, wanamwita mgebuka. Wale wadogo wanaoanikwa juani kwetu ni ndakala, kwa Watanzania ni dagaa. Sombe yetu ni kisamvu chao, na lengalenga yetu ni mchicha wao. Kwa mama anayepika hakuna tofauti. Kwa mtoto anayeingia darasa jipya, tofauti ni kubwa.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Familia yetu ilikimbia vita vya 1996, nikiwa mtoto mdogo, na nililelewa katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Oktoba 2005, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, lilianza kuwarudisha Wakongomani kwa meli hadi Baraka, katika wilaya ya Fizi. Sisi tulirudi mwaka uliofuata, kisha tukahamia Uvira. Wiki ya kwanza shuleni, mwalimu aliuliza kila mmoja anapenda chakula gani. Nikasema: "Ugali na kisamvu."

Darasa zima likacheka. "We Mutanzania, sema tena!" Jina hilo nilibaki nalo miaka mitatu.

La kushangaza ni kwamba kule Kigoma nako tulichekwa. Ukisema "sombe" au ukiita baiskeli "kinga", watoto wa vijiji jirani walijua mara moja kwamba umetoka kambini. Huko tulikuwa Wakongomani kwa sababu ya maneno yetu, na nyumbani tukawa Watanzania kwa sababu ya maneno yetu.

Ngazi za lugha mjini

Uvira ni mji wa lugha nyingi. Kuna Kivira na Kifuliiru, lugha mbili zinazokaribiana sana. Ukielekea kusini, Makobola, Mboko hadi Baraka, unasikia Kibembe. Katika uwanda wa Ruzizi kuna Kirundi pamoja na Kifuliiru, na juu milimani Kinyamulenge. Bujumbura haiko mbali, na wakimbizi wa Burundi wamekuwa wakipokelewa katika kambi ya Lusenda, Fizi, tangu 2015.

Kiswahili ndicho kinachotuunganisha sote, na hakikuanza jana. Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwaka 1858 wakitokea Ujiji, wafanyabiashara wa pwani walikuwa tayari wanafika hapa kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Lugha ya biashara hiyo ikawa lugha ya soko, ya kanisa, ya bandari ya Kalundu, na leo ya vijana wa mtaani.

Lakini lugha hizi hazikai kwenye kiti kimoja. Kifaransa kiko juu: ndicho lugha ya ofisi, ya diploma na ya barua ya kuomba kazi. Kilingala ni lugha ya jeshi tangu enzi za ukoloni, na pia ya muziki. Kijana anayechomeka maneno yake mawili matatu huonekana mjanja, mtu anayeijua Kinshasa. Kiswahili ni cha kila mtu. Chini kabisa wanawekwa wale ambao Kiswahili chao kina harufu ya kijiji, ya mlima au ya nchi nyingine.

Katika makundi ya vijana ngazi hizi zinajulikana bila mtu kuzifundisha. Mwanafunzi akikosea Kifaransa mbele ya wenzake, akisema "le" badala ya "la", kelele inapigwa ukumbi mzima. Wengi huamua kunyamaza hadi mwisho wa mwaka. Mwalimu hudhani hawajui somo, kumbe wanachoogopa ni kicheko.

Shule nyingi za nchi yetu zilichangia. Wengi wetu tunakumbuka ile alama, kipande cha ubao au kitu kingine, aliyopewa mtoto aliyesikika akizungumza lugha ya nyumbani. Ili kuiondoa shingoni au mfukoni mwake, ilimbidi amnase mwenzake. Jioni, aliyebaki nayo aliadhibiwa. Tulifundishwa mapema kwamba lugha ya mama ni kosa, na kwamba rafiki ni mtu wa kuchongewa.

Hata Kiswahili chenyewe hakikupona. Mtoto wa Uvira husema "batoto banacheza". Kitabu kinasema "watoto wanacheza". Mwalimu anaweka alama nyekundu, na mtoto anaelewa kwamba kwao husema vibaya. Hakuna anayemweleza kwamba "ba" yake inafanana na ile ya lugha nyingi za hapa kwetu, na kwamba kujifunza "wa" ni kuongeza nguo ya pili kabatini, si kuichoma ile ya kwanza.

Kicheko kinapogeuka kuwa shaka

Ikiwa jambo lingeishia kwenye utani, lisingestahili makala. Lakini katika eneo hili namna ya kutamka inaweza kuamua mengi kuliko marafiki.

Ukisafiri kwa barabara ya kitaifa nambari 5, kuelekea Kamanyola au Baraka, utaona abiria wanavyojiandaa wanapokaribia kizuizi. Anayejua maneno kumi ya Kilingala huyatumia yote. Mwenye lafudhi ya milimani au ya Burundi huomba mwenzake aseme kwa niaba yake, au huinamisha kichwa. Kabla kitambulisho hakijatolewa, mdomo umekwisha kusomwa.

Makobola tangu mwisho wa 1998, Gatumba Agosti 2004, Mutarule Juni 2014: katika kila mahali raia wa kabila moja au lingine waliuawa kwa wingi, na hakuna jamii ya hapa isiyokuwa na makaburi yake. Lugha haikuleta mauaji hayo. Yalitokana na vita, ardhi, ng'ombe na madaraka. Lakini lugha ilisaidia kuwagawa watu kuwa "wetu" na "wale", na mgawanyo huo watoto huuanza mapema, katika uwanja wa shule.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunajua jinsi upepo unavyogeuka. Mei 17, 1997, AFDL ilipoingia Kinshasa, Kiswahili kikawa lugha ya wenye nguvu. Agosti 1998, vita vya pili vilipoanza, kukizungumza katika mji huo huo kuliweza kukufanya ushukiwe kuwa adui. Lugha ilikuwa ile ile.

Niliyoyafanya mimi

Hapa sina budi kusema sehemu isiyonipendeza. Baada ya miezi michache nilikwisha jifunza. Nilisema "sombe", "kinga", "niko nakuja". Nilichomeka Kilingala. Jina la Mutanzania lilibaki, lakini sasa liliitwa kwa upendo.

Ndipo akaja mvulana mmoja kutoka milima ya juu. Aliposoma kwa sauti, r na l zilibadilishana nafasi. Aliyeanza kumwigiza siku ile alikuwa mimi. Nilifanya vizuri sana, darasa likacheka, na kwa mara ya kwanza nilijisikia mtu wa Uvira kabisa. Yule mvulana alikaa nyuma hadi mwisho wa mwaka. Mwaka uliofuata hakurudi. Sijui kama ni kwa sababu yangu. Familia huhama kwa sababu nyingi. Lakini sikumbuki sauti yake baada ya siku ile.

Nimegundua baadaye kwamba anayecheka kwa nguvu zaidi mara nyingi ni yule aliyechekwa jana. Anatafuta mtu wa kumweka chini yake kwenye ngazi.

Sheria ipo, mazoea bado

Katiba ya Februari 18, 2006, katika kifungu cha 1, inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa. Kifungu cha 13 kinakataza Mkongomani kubaguliwa kwa ajili ya kabila lake au kwa kuwa wa kikundi kidogo cha lugha. Sheria ya elimu ya Februari 11, 2014 inaruhusu lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia. Na tangu Julai 2022 nchi yetu ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Kiswahili kinazidi kupewa nafasi. Julai 7 ya kila mwaka ni Siku ya Kiswahili Duniani.

Ni habari njema, lakini inaweza pia kuongeza ngazi nyingine: wenye Kiswahili "kizuri" juu, wenye "batoto" chini. Kijana aliyelelewa Kigoma atasifiwa, na yule wa Mulongwe ataambiwa hajui lugha aliyozaliwa nayo.

Dawa haihitaji bajeti kubwa. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni "sombe" na "kisamvu" pamoja, na kuuliza nani ana neno la tatu kwa Kifuliiru, la nne kwa Kibembe, la tano kwa Kinyamulenge. Siku hiyo mtoto wa mlimani ana kitu ambacho wengine hawana. Kanisani, kwenye timu ya mpira, kwenye mtumbwi wa wavuvi, kiongozi anaweza kukataa kicheko mara moja tu, na wengine wataelewa. Wazazi nao waangalie wanachosema jioni kuhusu jirani anavyotamka. Watoto hurudia asubuhi.

Juzi nilikuwa sokoni. Mama mmoja aliyerudi kutoka Tanzania aliulizia dagaa. Muuzaji akatabasamu, akajaza kopo, akamwambia: "Huku kwetu ni ndakala, mama. Lakini bei ni ile ile." Wakacheka wote wawili, na mama akaondoka na samaki wake.