Melayu Lilikuwa Jina la Nchi Kabla ya Kuwa Jina la Watu

Wapo wanaoeleza kwamba Wamalei, ambao wenyewe hujiita Melayu, walipata jina hilo kutoka Kijava, ambamo mlayu ni kukimbia. Eti ni watu waliokimbia kwao. Maelezo haya yanapendwa, lakini hayana ushahidi zaidi ya maneno mawili kufanana kwa sauti. Dhana ya neno la Kitamil malai, yaani mlima, ina watetezi wengi zaidi, ingawa nayo haijathibitishwa.

Kumbukumbu zilizoandikwa ndizo za kutegemewa. Mwaka 671 mtawa wa Kibudha kutoka China, Yijing, alisafiri kwa meli kutoka Guangzhou akielekea India kutafuta vitabu vya dini. Alikaa miezi sita katika dola ya Srivijaya, kisha miezi miwili mahali alipopaandika kwa matamshi ya Kichina: Moluoyu. Baadaye akaandika kwamba nchi hiyo imekwisha kumezwa na Srivijaya. Wataalamu wengi wanaiweka Jambi, Sumatra, kwenye mto Batang Hari. Juu zaidi kwenye mto huohuo, huko Padang Roco, yapo maandishi ya mwaka 1286 kwenye kitako cha sanamu iliyotumwa na mfalme wa Java. Yanasema raia wote wa bhumi Malayu, yaani nchi ya Malayu, wa kila tabaka pamoja na mfalme wao, waliifurahia. Hapo Malayu ni ardhi na utawala. Kabila halitajwi.

Kilichoipanua maana ni Melaka, bandari iliyoanzishwa karibu mwaka 1400 na Parameswara, mwana wa kifalme kutoka Palembang. Wafanyabiashara walifika kutoka kila upande. Mreno Tomé Pires anawataja hata watu wa Kilwa na Malindi. Kimalei kikawa lugha ya soko, Uislamu ukawa dini ya dola, na kusilimu kukaitwa masuk Melayu, kuingia Umalei.

Katiba ya mwaka 1957, ambayo Malaysia inaitumia hadi leo, inafuata mkondo huo. Kwa kifungu cha 160, Mmalei ni Mwislamu anayezungumza Kimalei kwa kawaida na kufuata mila za Kimalei. Indonesia haina kifungu kama hicho: huko Wamalei ni kabila moja kati ya mamia, na Jambi iko upande huo wa mpaka.