Utrasaundi si mionzi, ni mwangwi

Simama mbele ya majabali ya Singida, kando ya Ziwa Kindai au Singidani, upige ukelele. Jabali lililo mita 170 mbele yako litakujibu baada ya sekunde moja, kwa kuwa sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde, nayo imekwenda na kurudi. Ukijua muda, umejua umbali. Mashine ya utrasaundi, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Makiungu au Mtakatifu Gaspar kule Itigi, inafanya hesabu hiyohiyo ndani ya tumbo.

Nasisitiza hili kwa sababu bado wapo akina mama wanaokihofia kipimo wakiamini ni mionzi. Eksirei ndiyo mionzi. Hii ni sauti, ila nyembamba mno: sikio la binadamu hukomea mitetemo 20,000 kwa sekunde, wakati mashine hutoa mamilioni. Ndani ya kile kifaa cha mkononi mna vipande vinavyotetemeka vikipewa umeme, na vikitikiswa na mwangwi huzalisha umeme. Tabia hiyo ya fuwele iligunduliwa na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Mwaka 1958 daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha za tumbo zilizopatikana kwa njia hii.

Mwilini sauti hukimbia kama mita 1,540 kwa sekunde, na kila inapokutana na tishu ya aina nyingine, sehemu yake hurudi. Hewa ndiyo adui: karibu sauti yote hugonga na kurudi hapo. Ndiyo maana mpimaji anakupaka ile jeli ya baridi, hewa isibaki kati ya kifaa na ngozi. Ndiyo maana pia mimba ikiwa changa unaambiwa unywe maji na ubane mkojo. Kibofu kilichojaa husogeza utumbo wenye gesi na kuipa sauti njia.

Kipimo hiki huonyesha pia mawe ya nyongo, maji yaliyozunguka moyo, na damu iliyovujia tumboni baada ya ajali.

Wengi huuliza kwanza kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Mimi ningeuliza kondo la nyuma limekaa wapi. Likiziba mlango wa kizazi, uchungu unaweza kuleta damu nyingi ya ghafla, na mama huyo anahitaji upasuaji. Kwa anayeishi kijiji cha ndani cha Manyoni au Mkalama, kulijua hilo wiki kadhaa kabla ni kupata muda wa kusogea karibu na hospitali. Kondo lililoonekana chini mapema mara nyingi hupanda, hivyo ukiambiwa urudi kupimwa, rudi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apimwe angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Mama, usisubiri tumbo liwe kubwa. Ukianza kliniki, ulizia kipimo hiki siku hiyohiyo.