Geji ya Presha ya Dizeli

Hapa kwetu Junda pikapu ya dizeli ikizimika njiani, mboga za soko la Kongowea huharibika na mwenyewe hula hasara. Mara nyingi kisa ni filta iliyoziba tu.

Kwenye gari nililochunguza, pampu ndogo husukuma dizeli kupitia filta hadi pampu kubwa ya nozeli. Geji hufungwa katikati, baada ya filta. Andika kipimo filta ikiwa mpya. Ikianza kuziba, mshale utashuka kabla injini haijazima.

Ukishafunga, toa hewa, kisha kagua kama panavuja. Lakini jamani, paipu za nozeli usiziguse! Presha yake hutoboa ngozi.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.