SAA YA MAJI KATIKA BUSTANI YA NYUMBANI
Namna ya kuichagua na kuifunga bila kupoteza fedha

Wakulima wengi wa skimu za makazi siku hizi wana tangi la maji karibu na nyumba, na chini yake bustani ya sukuma wiki, vitunguu na miche ya nyanya. Mvua ndefu za Machi hadi Mei zikiisha, bustani hiyo hutegemea mkono wa mtu. Mama akikawia sokoni, miche hunyauka. Mtu akisahau kufunga mfereji jioni, asubuhi tangi ni tupu, na nyumba haina hata maji ya chai.

Kwa shida hizi mbili kuna chombo kidogo kinachouzwa madukani, nacho ni saa ya maji. Hufungwa kati ya tangi na paipu ya bustani. Ndani yake mna saa, betri na koki. Wakati uliowekwa ukifika, koki hujifungua. Muda ukiisha, hujifunga. Ni chombo chema, lakini wako wakulima walionunua kisichofaa tangi lao, nacho sasa kimewekwa rafuni. Kwa hiyo yafaa kujua mambo yafuatayo kabla ya kutoa fedha.

Msukumo wa maji

Hili ndilo jambo la kwanza, na ndilo linalosahauliwa zaidi. Maji ya tangi husukumwa na kimo chake tu. Kimo cha mita 10 hutoa msukumo wa baa 1. Basi tangi lililo juu ya jukwaa la mita 2 hutoa kama baa 0.2, yaani msukumo mdogo sana.

Saa za maji ni za namna mbili. Namna ya kwanza ina utando wa mpira unaoongozwa na sumaku ya umeme. Utando huo husaidiwa na nguvu ya maji yenyewe, na mara nyingi hutaka kama baa 0.5 au zaidi. Ukiufunga kwenye tangi la mita 2, huenda usifunguke, au ukifunguka usifunge sawasawa. Namna ya pili ina mota ndogo inayozungusha tufe lenye tundu. Hii haihitaji msukumo wa maji, nayo ndiyo ya tangi. Soma maandishi ya sandukuni: msukumo wa chini kabisa uwe baa 0. Kama hayakuandikwa, muulize mwenye duka, na asipojua, usinunue.

Kwa sababu hiyo hiyo, vinyunyizio vinavyorusha maji kama mvua havifai kwa tangi kama hili. Vingi hutaka baa 1 hadi 2, yaani kimo cha mita 10 hadi 20, au pampu. Kwa tangi la nyumbani tumia mipira ya matone iliyotengenezwa kwa msukumo mdogo.

Je, ununue ile ya simu?

Saa rahisi ya kubonyeza ndiyo yenye bei ndogo, nayo yatosha bustani nyingi. Ile inayoongozwa kwa simu ni ghali zaidi. Nyingine huongea na simu ukiwa karibu nayo tu, mita chache. Nyingine hutaka intaneti ya nyumbani na kisanduku cha pili ambacho pengine huuzwa mbali. Ukiipenda hiyo, uliza swali moja: intaneti ikikatika, je, saa itaendelea na ratiba yake? Kama haiendelei, iache.

Zingine husoma utabiri wa hali ya hewa na kujizuia zenyewe mvua ikitarajiwa. Lakini wenyeji wa milimani twajua kwamba mvua yaweza kunyesha ng'ambo ya bonde na kwako usipate hata tone. Ni heri kutazama mkebe wa kupimia mvua uani, kisha kubonyeza kitufe cha kusimamisha maji siku moja au mbili.

Kuifunga

1. Mwambie fundi atoboe tundu la bustani juu ya tundu la nyumbani, kama sentimita 20 zaidi. Katika tangi lenye upana wa mita 1 na kidogo, hiyo ni akiba ya kama lita 200. Saa ikiharibika na kubaki wazi, bustani haitakunywa maji ya watoto.

2. Fuata mpango huu: tangi, koki ya mkono, chujio, saa ya maji, kisha paipu ya bustani. Usiache chujio. Mchanga mdogo waweza kuzuia tufe lisifunge, na matundu ya mipira huziba upesi.

3. Pima meno ya paipu kabla ya kwenda dukani: ni nusu inchi au robo tatu? Zungusha utepe mweupe wa mafundi kwenye meno, na ukaze saa kwa mkono tu. Spana huipasua plastiki.

4. Angalia mshale ulio ubavuni mwa saa. Lazima uelekee bustani.

5. Tia betri mpya za alkali, na uzibadilishe zote pamoja mwanzo wa kila kiangazi. Betri ikifa koki ikiwa wazi, maji huendelea kutiririka, isipokuwa kwa saa chache zinazojifunga zenyewe betri ikidhoofika.

6. Kinga saa na jua kali, kwa kibati au kwa kivuli cha tangi.

Kuipangia wakati

Saa hizi huhesabu kuanzia usiku wa manane. Saa kumi na mbili asubuhi yetu ni 6:00 katika chombo; saa kumi na mbili jioni ni 18:00. Mtu akiandika 12:00 akifikiri ni alfajiri, maji yatafunguka adhuhuri jua likiwa la utosi, na mengi yatapotea hewani.

Muda wa kumwagilia usiukisie, upige hesabu. Maji ya kina cha milimita 1 juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Mboga zilizokomaa wakati wa kiangazi huhitaji kama milimita 4 kwa siku penye baridi, na 5 au 6 penye joto. Bustani ya mita 10 kwa 5 ina mita mraba 50. Kwa milimita 5, yahitaji lita 250 kwa siku. Tangi la lita 1,000 litaimaliza kazi hiyo kwa siku 4 tu, bila kuhesabu maji ya nyumbani. Kama huna maji ya kujaza tena, punguza bustani kabla ya kununua saa, maana saa haiongezi maji.

Sasa pima mipira yako. Weka vikombe chini ya matundu 10 mahali mbalimbali kwa dakika 15. Tuseme wastani wa kikombe ni mililita 150. Basi kila tundu hutoa mililita 600 kwa saa. Mipira 10 ya mita 10, yenye tundu kila sentimita 30, ina matundu kama 330; yote pamoja hutoa kama lita 200 kwa saa. Ili kupata lita 250 yatakikana saa moja na robo: weka dakika 40 asubuhi na dakika 35 jioni. Kikombe kimoja kikiwa na maji machache kuliko vingine, tundu lake limeziba, lisafishe.

Kwa juma la kwanza, simama bustanini kila saa inapofungua na kufunga, na utazame viungo vyote. Tone dogo lisilokoma ni hasara: bandu bandu huisha gogo.

Mwisho, anayevuta maji mtoni kwa pampu ili kujaza tangi akumbuke kwamba Sheria ya Maji ya 2016 yamtaka awe na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Mwenye swali na amwone afisa wa kilimo wa wadi yake. Aende na vipimo vitatu vilivyoandikwa: kimo cha tangi kutoka ardhini, urefu na upana wa bustani, na ukubwa wa paipu. Kwa hayo matatu atasaidiwa upesi.