Wazo Kuu Halikai Sentensi ya Kwanza

“Mwalimu, wazo kuu si liko sentensi ya kwanza?” Swali hili huulizwa na watahiniwa, na wazazi wao, na, Mungu atusamehe, hata walimu wenzangu. Jibu ni hapana. Mwaka jana lilikuwa hapana, na mwaka huu ni hapana vilevile.

Chukua kifungu cha ufahamu kuhusu kukomeshwa kwa utumwa Zanzibar. Kinaanza hivi: mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Uingereza, na masoko ya watumwa yakafungwa. Mwenye imani ya sentensi ya kwanza ameshatosheka. Anaandika herufi A na kuhamia swali jingine.

Angesoma mbele angekutana na “lakini”. Mkataba ule ulikataza kusafirisha watumwa baharini na kuwauza sokoni. Aliyekuwa nao tayari aliendelea kuwamiliki, na mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yakaendelea kuwatumikisha. Amri ya Sultani Hamoud ya mwaka 1897 ndiyo iliyoondoa utambuzi wa utumwa kisheria, nayo ilikuwa na mianya yake: aliyetaka uhuru ilimbidi akauombe mwenyewe, bwana alilipwa fidia, na masuria waliachwa nje hadi mwaka 1909. Sasa niambie, habari zote hizo za yaliyotokea baada ya 1873 zitakuwaje maelezo ya ziada ya mkataba wa 1873? Wazo kuu la kifungu hicho ni kwamba utumwa Zanzibar ulikomeshwa hatua kwa hatua, kwa zaidi ya miaka 30, na hakuna sentensi hata moja ndani yake inayotamka hivyo. Barghash ametajwa mwanzoni kwa sababu mkataba wake ndio uliotangulia kutokea. Basi.

Najua imani hii inakopata nguvu. Aya nyingi za vitabu vya kiada hutanguliza hoja, mifano ikafuata, hivyo mwanafunzi hupatia mara kadhaa na kujiona amepata ufunguo. Mtunga mtihani naye analijua hilo fika. Kipotoshi chake cha kwanza, yaani jibu la mtego, hukiokota papo hapo, mstari wa juu.

Ya kufanya? Soma hadi nukta ya mwisho. Ukifika kwenye “hata hivyo” na “licha ya”, punguza mwendo. Jiulize sentensi zote kwa pamoja zinathibitisha nini. Katika machaguo, tupa linalobeba tukio moja tu. Tupa lililo pana mno, mfano “historia ya Afrika Mashariki”. Tupa na funzo lako mwenyewe, maana “utumwa ni uovu” ni kweli tupu, ila kifungu hiki hakikuandikwa kuthibitisha hilo. Ukiambiwa upendekeze kichwa cha habari, kazi ni ileile.

Nanyi wazazi mnaolipia masomo ya ziada: mkisikia mwanenu anafundishwa kusoma mstari wa kwanza na kuruka mingine, daini fedha zenu.