Kwa Nini Mchezaji Husahau Kuwa Yuko Mbele ya Skrini

Agosti 1997, wiki chache kabla Ultima Online haijaanza kuuzwa, mfalme wa dunia ya gemu hiyo alijitokeza mbele ya wachezaji waliokuwa wakiifanyia majaribio. Mfalme huyo, Lord British, alikuwa mhusika wa Richard Garriott, mbunifu wa gemu yenyewe. Mchezaji aliyejiita Rainz akatoa hati ya uchawi, akawasha moto pale mfalme aliposimama, na mfalme akafa. Seva ilikuwa imezimwa na kuwashwa upya muda mfupi kabla, na Garriott alikuwa amesahau kumrudishia mhusika wake kinga ya kutodhurika. Moto ukachoma, maana kazi ya moto katika dunia ile ni kuchoma.

Kisa hicho husimuliwa kama kituko. Mimi nakiona kuwa mfano bora wa kitu ambacho gemu nyingi za leo zinakikosa, pamoja na uzuri wote wa picha zake: dunia yenye sheria zinazomgusa kila aliyemo. Mchezaji huzama anapoamini kwamba mahali alipo pana kanuni zake, kwamba pangekuwepo hata kama yeye asingeingia, na kwamba alichofanya jana kitamfuata leo.

Picha zina nafasi yake, lakini si hapo mambo yalipoanzia. Mwaka 1978, Roy Trubshaw na mwenzake Richard Bartle, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, walianza kuandika programu iliyoitwa MUD. Haikuwa na mchoro hata mmoja. Mchezaji alisoma maelezo ya chumba au njia, akaandika amri, akasoma kilichotokea, huku wengine wakiwa ndani ya dunia hiyo hiyo kupitia mashine zao. Gemu za leo za majoka na uchawi mtandaoni ni za ukoo huo. J.R.R. Tolkien alikuwa ameshaligusa jambo hili katika mhadhara wake wa mwaka 1939 kuhusu ngano za ajabu: msimulizi huumba dunia ya pili, na aliyeingia humo huamini kila kinachoafikiana na sheria za dunia hiyo. Shaka ikiingia, anajikuta nje. Hakuna mchoro unaoweza kumrudisha.

Lakini sheria lazima ionekane. Waliotengeneza Ultima Online, Raph Koster akiwa miongoni mwao, walibuni mpango ambao wanyama wangetafuta chakula wenyewe: mbwamwitu wale kondoo, na kondoo wakipungua, mbwamwitu waende kuwinda kwingine. Wachezaji walipofunguliwa mlango waliua kila kilichotembea, kwa kasi ambayo mpango haukuweza kuihimili. Hakuna aliyepata kuona mzunguko huo ukifanya kazi, na mwishowe ukaondolewa.

EverQuest, iliyotoka Machi 1999, ililipatia jambo hili kwa njia rahisi zaidi. Usiku ulikuwa giza kweli, na mhusika wa kibinadamu asiye na taa alikuwa haoni mbali. Mwanzoni hapakuwa na ramani ndani ya gemu. Mtu alikariri njia, au aliulizia. Msitu wa Kithicor mchana ulipitika kwa tahadhari, lakini jua lilipozama ulijaa maiti hai wenye uwezo wa kummaliza msafiri asiye na nguvu kabla hajafika mbali, kwa hiyo aliyejua mambo alingoja ukingoni hadi kupambazuke. Fikiria uzito wa kungoja huko. Mchezaji amekaa chumbani kwake, haoni hatari yoyote, na bado anasubiri alfajiri isiyokuwepo, kwa sababu anajua kitakachompata akiingia.

Na kitakachompata kilikuwa na gharama. Ukifa katika EverQuest ya wakati ule, maiti yako ilibaki pale pale na nguo, silaha na kila ulichobeba, nawe uliamka mbali, mikono mitupu. Sehemu ya uzoefu uliouchuma ilipotea pia. Ilibidi kurudi kuutafuta mwili, mara nyingi mahali pale pale palipokushinda ukiwa na silaha zako zote. Watu wakajifunza kuomba. Waliwaendea wageni wawasindikize, wakatafuta kasisi wa kuwafufua, wakakumbuka nani aliitika na nani alipita bila kugeuka. Kwenye programu wabunifu waliandika hasara. Urafiki ulikuja wenyewe kwa sababu ya hasara hiyo. Ndiyo maana wazee wa gemu hiyo bado wanayakumbuka majina ya watu ambao hawakuwahi kuonana nao ana kwa ana.

Hata soko lilijianzisha. Gemu haikuwa na mahali pazuri pa wachezaji kuuziana vitu, basi wakaanza kukusanyika ndani ya handaki moja katika eneo la East Commonlands, karibu na mji wa Freeport, wakipaza sauti kutangaza bidhaa na kupatana bei. Magulio ya kwetu huzaliwa hivyo hivyo kwenye njia panda. Hakuna mbunifu aliyechora handaki lile liwe soko. Baadaye gemu ilipoletewa soko rasmi, ambamo mhusika angeweza kuuza mwenyewe huku mwenye mhusika huyo amelala, handaki likapoteza watu.

World of Warcraft, Novemba 2004, ililegeza masharti. Kifo kilikuwa mbio fupi ya mzuka kutoka makaburini hadi kwenye mwili. Hata hivyo umbali ulibaki: uliweza kulivuka bara zima bila skrini kusimama kupakia eneo jipya, na kipando cha kwanza ulikipata ukifika ngazi ya 40. Kuna jambo jingine pale ninalolistahi sana. Mwanzoni kambi mbili zenye uadui, Horde na Alliance, hazikuruhusiwa kuelewana kwa maneno. Mtu wa Horde alipoandika “lol” kwa lugha ya orki, adui yake wa Alliance aliona “kek”. Wachezaji wa kambi hizo walipokutana njiani bila kutaka vita waliinama, walipunga mkono, au walikaa chini waonekane hawana nia mbaya. Sheria moja ndogo iliwafanya watu wawe wageni wa kweli wao kwa wao.

Desemba 2009 katika gemu hiyo hiyo kikaja chombo cha kutafuta wenzako wa kuingia nao mapangoni. Unabonyeza kitufe, programu inakukusanyia watu wanne, hata kutoka seva nyingine, kisha inawatupa nyote ndani ya pango papo hapo. Aliyekuwa na saa moja tu baada ya kazi alikipokea kwa furaha, na ana haki. Kusubiri kundi kulikuwa kunachosha. Lakini njia ya kwenda pangoni ilifutika, na sifa ya mtu ikafutika nayo. Mwizi wa ngawira hakuhitaji tena kuogopa jina lake kuchafuka, kwa kuwa kesho angepangwa na wengine wasiomjua. Agosti 2019 Blizzard, kampuni iliyoitengeneza, ilirudisha World of Warcraft ya kale kwa jina la Classic, bila kitufe hicho, na foleni za kuingia kwenye seva zikawa ndefu. Kumbukumbu za ujana zilichangia. Hazitoshi kueleza kwa nini waliorudi walikubali tena kutembea kwa miguu.

Kwa wachezaji wa Afrika Mashariki kuna kikwazo cha ziada: umbali hadi kwenye seva. Mwanga ndani ya nyuzi za kebo ya baharini husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Mombasa hadi seva iliyoko, tuseme, Marseille, Ufaransa, hata ukipima kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 6,000, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua sekunde 0.06, na kebo haipiti mstari ulionyooka. Ukiongeza msongamano wa mtandao, upanga hushuka baada ya adui kuhama. Kuzama huishia hapo. Gemu za mwendo wa taratibu huvumilia ucheleweshaji huo vizuri kuliko zile za kukwepa mapigo.

Ukitaka kupima mwenyewe kama sheria humzamisha mchezaji kuliko picha, Old School RuneScape inapatikana kwenye simu tangu Oktoba 2018, na sehemu yake huchezwa bila malipo. Picha zake ni za kizamani kabisa. Anzia Lumbridge, uende Varrock kwa miguu, usitumie uchawi wa kukusafirisha. Ukikaribia mji kwa upande wa kusini utawakuta wachawi wa giza ambao huwashambulia wageni. Wazungukie kwa mbali.