Pikseli, Vekta na Mtego wa Neno "Kuunganisha"

Miongoni mwa maandishi yanayozidi kuwafikia wafasiri wetu ni maelezo ya matumizi ya programu za kusanifu picha. Istilahi zake si nyingi, lakini zikikosewa hasara huonekana chapani, wakati karatasi imekwisha kutumika.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kompyuta huhifadhi picha kwa njia mbili. Katika njia ya rasta, picha ni safu za miraba midogo mno, kila mmoja na rangi yake. Mraba huo ndio pikseli. Katika njia ya vekta huhifadhiwa kanuni za kihisabati: mstari uanzie wapi, upinde vipi, uishie wapi. Mwalimu wa hisabati atasema kuwa neno vekta analo tayari, kwa maana ya kiasi chenye ukubwa na mwelekeo. Hatuoni kuwa hicho ni kikwazo, kwani muktadha hutosha kuzitenga maana hizo.

Wako wanaopendelea "nukta" mahali pa "pikseli". Pendekezo hilo lavutia, ila mpiga chapa naye ana nukta zake, za wino, na ukurasa mmoja wa maelezo huweza kuzitaja zote mbili. Heri nukta aachiwe yeye.

Tuchukue mfano wa jalada la kitabu. Picha yenye upana wa sentimita 10, ikichapwa kwa pikseli 300 kwa inchi, huhitaji pikseli 1,181 kwa upana. Ikitanuliwa hadi mita 1 kwa ajili ya bango, kila inchi hubakiwa na pikseli 30 tu, na kingo hufanana na meno ya msumeno. Nembo iliyochorwa kwa vekta hukuzwa upendavyo bila kuharibika. Ndiyo maana msanifu hutumia zana zote mbili: picha husafishwa katika programu ya rasta, kama vile GIMP, iliyotolewa kwa umma mwaka 1996, kisha huingizwa katika programu ya vekta, kama vile Inkscape, iliyoanza mwaka 2003, ambamo maandishi na nembo huwekwa katika tabaka la juu yake.

Hapo penye kuingiza ndipo penye mtego. Mtumiaji huchagua moja kati ya mawili: ama picha yote ikae ndani ya faili la mchoro, nako ni kupachika, ama faili lioneshe tu mahali picha ilipohifadhiwa. Hili la pili baadhi ya wafasiri huliita "kuunganisha". Msomaji akiona neno hilo hudhani kuwa picha na mchoro vimekuwa kitu kimoja, akapeleka faili la mchoro peke yake kwa mpiga chapa, na huko picha haionekani. Twapendekeza "kurejelea", kwa kuwa kinachorejelewa hubaki kwake.

Pana pia "kufuatisha", yaani kuigeuza picha ya pikseli kuwa mistari ya vekta. Neno hili ni zuri, nasi hatuna haja ya kulibadili. Hufaa kwa muhuri au saini. Kwa picha ya uso wa mtu huzaa vipande maelfu visivyoharirika kwa urahisi. Na mchoro uliokwisha kutolewa kama faili la PNG ni pikseli tupu, hata kama ulichorwa wote kwa vekta. Kwa hiyo maelezo yamwagize msomaji atunze faili la asili.